Sadaka, Changizo na Shirika

Maneno ya kutoa hupimwa kwa mizani mbili. Mizani ya kwanza ni kamusi, ambayo huonyesha asili ya neno na maana yake. Mizani ya pili ni maisha ya watu waliolitumia neno hilo siku ya njaa, siku ya vita na siku ya kukimbia makwao. Neno laweza kuwa zito katika mizani ya kwanza likaonekana jepesi katika ya pili. Kiswahili cha Wakristo kina maneno matatu makuu ya msaada baina ya waaminio, nayo ni sadaka, changizo na shirika. Yote yamo katika Biblia ya mwaka 1952 iitwayo Union Version, ambayo imewalea wasomaji wa Afrika ya Mashariki kwa miaka zaidi ya sabini. Aghalabu husomwa kana kwamba maana yao ni moja. Walakini hayafanani, na tofauti yao si ndogo.

Kwa mizani ya pili ni vigumu kupata mahali pafaapo kuliko Masasi na Newala. Edward Steere, askofu wa misheni ya UMCA katika Unguja, ndiye aliyeifanya kazi kubwa ya kulitia Agano Jipya katika Kiswahili cha Unguja, nayo ni mojawapo ya tafsiri zilizoitangulia ile ya 1952. Steere huyo huyo ndiye aliyewaongoza watu kwa miguu mwaka 1876 mpaka Masasi, akaanzisha huko kijiji cha Wakristo. Mkono uliotafuta maneno ya Kiswahili ya kumwelezea maskini na ndugu yake ulikuwa mkono uliowashika maskini wenyewe njiani. Kwa hiyo historia ya Masasi yaweza kusomwa kama ufafanuzi wa maneno hayo, ulioandikwa na watu wasiokuwa na kalamu.

Neno sadaka lilikuwa pwani kabla ya wamisionari kufika. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa pia neno sadiki. Mtoa sadaka, kwa asili ya neno, ni mtu anayethibitisha kwa mkono yale anayoyasadiki kwa moyo. Waislamu walilitumia, Wakristo wakalipokea, na mpaka leo katika Newala Mwislamu na Mkristo huelewana walitajapo. Katika Injili ya Mathayo neno hilo hutumika mahali ambapo mtoaji hukatazwa kujitangaza. Hapo pana heshima kubwa, kwa sababu sadaka ya siri humsitiri mtoaji na majivuno, humsitiri na mpokeaji na aibu. Aliyelala njaa akaamka akakuta unga mlangoni hana mtu wa kumtazama kwa macho ya unyonge.

Hata hivyo sadaka ina upungufu wake. Mwendo wake ni mmoja, toka mkono wa juu kwenda mkono wa chini. Mtu aweza kutoa sadaka maisha yake yote asijue jina la hata mmoja wa wale waliopokea. Hakuna chochote katika neno hilo kinachowalazimu wawili hao kuketi mkeka mmoja.

Neno changizo ni la ukoo mwingine. Mzizi wake, changa, ni wa Kibantu, na sikio la Mswahili hulisikia karibu na changanya. Waswahili wa zamani walikuwa na desturi ya kula bia, yaani kila mlaji hutoa sehemu yake ya gharama, na ya kula kikoa, ambapo wenzi hupeana zamu ya kuandaa chakula wakala pamoja. Katika kikoa hakuna mgeni wala mwenyeji wa kudumu, kwa kuwa mwenyeji wa leo ni mgeni wa kesho. Watafsiri walipofika penye habari za mtume Paulo, jinsi alivyokusanya fedha katika makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya waaminio maskini wa Yerusalemu, hawakuandika sadaka. Waliandika changizo. Uchaguzi huo wastahili sifa, maana Wamakedonia nao walikuwa maskini. Hawakuwa matajiri wanaodondosha makombo, bali watu wahitaji waliochanga kwa ajili ya wahitaji wenzao. Tena katika waraka kwa Warumi huitwa wadeni wa wale wanaowasaidia, kwa kuwa walikwisha kupokea kwao mambo ya roho. Mtu akilipa deni hana haki ya kungoja kupigiwa magoti.

Neno la tatu, shirika, laenda mbali zaidi. Katika waraka wa pili kwa Wakorintho, msaada huo wenyewe waitwa shirika. Maana yake ni kuwa kutoa ni njia ya kushiriki, kuwa na fungu katika jambo moja, kwa raha na kwa taabu. Mtume ahimiza usawa: wingi wa huyu leo ujaze upungufu wa yule, ili siku nyingine wingi wa yule ujaze upungufu wa huyu. Basi neno shirika ladai kwamba aliyepokea awe siku moja ametoa. Penye mtoaji wa kudumu na mpokeaji wa kudumu, sadaka yaweza kuwapo, lakini shirika halipo.

Dai hilo lilijaribiwa Masasi tangu mwanzo. Watu alioondoka nao Steere walikuwa zaidi ya hamsini, watumwa waliokombolewa, na nia ilikuwa kuwarudisha kuelekea nchi za Nyasa walikotekwa. Hawakufika Nyasa. Walipofika Masasi walitaka kukaa, nao wakakaa. Watu hawa walikuwa wamezoezwa kupokea. Uhuru waliupokea, nguo walizipokea, elimu waliipokea, na fedha zilizowalisha zilitoka kwa Wakristo wa Uingereza ambao hawakuwaona kamwe. Hiyo ndiyo sadaka katika sura yake njema, na bila hiyo wengi wao wangalipotea.

Lakini mwaka 1882 Magwangwara, ambao ni Wangoni, waliishambulia Masasi, wakaua na kuteka watu. Mmisionari W. C. Porter aliwafuata mateka mpaka nchi ya Wangoni ili awakomboe. Wakazi wengine wakaongozwa na Chauncy Maples mpaka Newala, wakapokewa katika nchi ya Matola, mkuu wa Wayao, ambaye wakati huo hakuwa amebatizwa. Hapa historia yatia swali ambalo msomaji wa nyaraka asilipite. Paulo ahimiza kuwatendea watu wote mema, na hasa walio jamaa katika imani. Jamaa ni neno la damu na la nyumba. Walakini siku ile ya 1882 waaminio walipata kikao kwa mtu asiye wa imani yao. Ni dhahiri kwamba mlango wa jamaa hauwezi kufungwa kwa ndani, kwa maana hata waliomo ndani walipata kufunguliwa na walio nje.

Jambo la pili la ufafanuzi huo ni maisha ya Cecil Majaliwa. Alitekwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa, akasomeshwa Unguja na Uingereza. Mwaka 1890 alifanywa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika UMCA kufikia daraja hiyo, na kazi yake ilikuwa Chitangali, kwa mkuu wa Wayao Nakaam, ambaye katika ubatizo aliitwa Barnaba. Mtu aliyepokea kila kitu alikuwa sasa akitoa kile ambacho watoaji wake wa kwanza walikiona kuwa ni kikubwa kuliko vyote. Hilo ndilo shirika. Hata hivyo mizani na isipendelee upande. Dayosisi ya Masasi ilipoundwa mwaka 1926, askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas, alikuwa Mwingereza, na waliomfuata walikuwa Waingereza mpaka mwaka 1968, Trevor Huddleston alipoondoka na Hilary Chisonga akashika nafasi yake. Toka ukasisi wa Majaliwa mpaka uaskofu wa Chisonga ilipita miaka 78. Ni muda mrefu kwa mkono wa chini kungoja kuaminiwa kuwa nao ni mkono.

Lakini mkono huo ulikwisha kuonekana zamani. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 Wajerumani waliwatia kizuizini wamisionari Waingereza, na fedha za Uingereza hazikuweza kupita. Mwaka 1917 vita vyenyewe viliifikia nchi hiyo. Von Lettow-Vorbeck aliipita nyanda ya juu ya Wamakonde, akawaacha wagonjwa na majeruhi wake wengi nyuma, na mwezi wa Novemba akavuka Ruvuma kule Ngomano. Majeshi ya pande zote mbili yalihitaji chakula na wapagazi, na vyote viwili vilitoka kwa wanavijiji. Katika miaka hiyo kanisa la nchi ile lilibaki mikononi mwa makasisi na walimu Waafrika. Mfuko wa ng'ambo ulipofungwa, kanisa halikufungwa. Changizo la wenyewe kwa wenyewe, ambalo katika siku za amani halikutiwa maanani sana, ndilo lililobaki.

Jaribio jingine lilikuja mwaka 1964. Tarehe 25 Septemba ya mwaka huo FRELIMO walianza vita vya kuikomboa Msumbiji, na maelfu ya watu, Wamakonde wengi miongoni mwao, walivuka Ruvuma kuingia upande wa Newala na Masasi. Ili kuelewa maana ya kuwapokea, yafaa kuijua nchi yenyewe. Nyanda ya Newala haina mito. Kabla ya mabomba kufika, maji yaliteremkiwa chini ya magenge na kupandishwa kichwani, kazi ya saa nyingi, nayo aghalabu ilikuwa kazi ya wanawake. Aliyempa mkimbizi kata ya maji juu ya nyanda ile alimpa sehemu ya siku yake na ya nguvu zake. Kipawa hicho hakiandikwi katika hesabu za misaada, kwa kuwa hakuna aliyekipima.

Mwaka huo huo wa 1964 iliundwa huduma ya Wakristo kwa wakimbizi, TCRS, kwa msaada wa Walutheri wa dunia na Baraza la Kikristo la Tanganyika. Wengi wa wakimbizi walihamishiwa Rutamba, katika Lindi, wakapewa ardhi walime. Methali yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huifasiri kuwa ni njia ya adabu ya kumchokesha mgeni aondoke. Yaweza kufasiriwa vingine. Jembe ni zawadi kuliko sahani ya wali, kwa kuwa sahani humweka mgeni katika ugeni wake, na jembe humtia katika idadi ya wenye shamba. Aliyepewa jembe atavuna, na aliyevuna ana cha kuchanga. Kwa hiyo methali ya wakulima na waraka wa mtume zakutana mahali pamoja.

Sasa yafaa kurudi kwenye maneno, maana hapo ndipo penye hasara. Neno shirika limebadilika. Msomaji wa leo alisikiapo hufikiria ofisi, bango, gari na muhuri: shirika la umma, shirika la ndege, shirika lisilo la kiserikali. Mahali ambapo watafsiri waliandika shirika wakimaanisha kula fungu pamoja, kijana wa Masasi aweza kuelewa kuwa Wakorintho waliombwa kujiunga na taasisi. Kosa hilo la lugha lina madhara nje ya lugha. Katika vijiji vingi, msaada umekuwa kitu kiletwacho na shirika, na shirika ni watu wengine. Kitenzi kushiriki kingali hai, lakini jina lililozaliwa nalo limehamia mjini.

Neno changizo nalo halikusalimika. Siku hizi husemwa mchango, na mchango umekuwa na sauti ya kodi. Kadi ya harusi huja ikiwa na kiasi, majina husomwa, na asiye na kitu hutafuta njia ya kupita nyuma ya nyumba. Desturi iliyokuwa ya kikoa, ya watu sawa, imegeuka mara nyingi kuwa kipimo cha heshima ya mtu. Hapo ndipo sadaka, ambayo imelaumiwa juu, inapostahili kurudishiwa haki yake. Changizo lisilokuwa na siri ya sadaka humwaibisha maskini, na sadaka isiyokuwa na usawa wa changizo humfanya maskini kuwa maskini wa milele. Katika makanisa mengi ya Tanzania ingalipo desturi inayoyaunganisha yote mawili: mtu huleta mazao aliyo nayo, yai au kikapu cha muhogo, nayo hunadiwa baada ya ibada. Mleta yai hakuleta pungufu, maana yai lake lahesabiwa katika fungu lile lile.

Yamkini watafsiri wa kesho wataweka neno jingine mahali pa shirika, na huenda wakafanya vyema. Lakini neno jipya halitaokoa jambo ikiwa maana ya kale imesahauliwa. Kutoa ni moyo, wala si utajiri, kama isemavyo methali, na Masasi na Newala zimeongeza ushahidi wa pili, kwamba hata kupokea ni moyo: moyo wa kukubali leo bila kudharaulika, na wa kutoa kesho bila kujivuna. Mwalimu afundishaye waraka wa pili kwa Wakorintho katika nchi ile hana haja ya kutafuta mfano Makedonia. Na aanze na wale watu hamsini na zaidi waliofika Masasi mikono mitupu mwaka 1876, kisha awaulize wanafunzi wake ni nani kati yao asiyekula leo katika yale waliyoyapanda.