Mkunjo wa Ateri na Wino wa Shajara

Ugonjwa wa jeni ya COL4A1 husimuliwa na tiba kwa maumbo mawili: picha ya retina na shajara ya ukoo. Mwaka 2003 jarida la Neurology liliieleza familia ya Ufaransa ambamo ateri zilizojipinda machoni ziliandamana na kupooza upande mmoja tangu utotoni. Nikiyasoma maumbo hayo mawili, naiamini zaidi picha.

Itazame. Uwanja wa rangi ya chungwa, kitovu cha neva ya jicho kilichopauka, mishipa ikitawanyika kutoka hapo. Vena, nene na zenye wekundu uliokolea, zinashika njia zao za kawaida. Ateri ndogo ndizo zinazohangaika: zinajikunja, zinarudi nyuma, zinajizungusha kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta. Nguvu ya picha imo katika tofauti hiyo. Mishipa yote ingejipinda, msomaji angekosa kipimo. Vena iliyotulia ndiyo inayoishtaki ateri. Na mkunjo huo unatuambia habari za ukuta. Kolajeni ya aina ya nne, ambayo jeni hii huielekeza na ambayo huimarisha utando wa mishipa midogo, ina kasoro, na utando huohuo umeizunguka mishipa ya ubongo. Ndiyo maana wenye kasoro ya jeni hii huweza kuvuja damu ubongoni: wengine kabla ya kuzaliwa, wengine ukubwani, baada ya pigo la kichwa au dawa za kuzuia damu isigande.

Shajara nayo ina mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, weusi kwa mgonjwa. Inaonyesha vizuri urithi unavyoshuka, kila mtoto wa mwenye kasoro akiwa na uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi. Lakini wino wake hauna daraja. Mtoto aliyepooza na shangazi aliyepata ukungu wa macho kwa muda, kisha akaona tena, wote ni weusi uleule. Na wakitiwa wino waliopata kiharusi pekee, mwenye ateri zilizojikunja anabaki mweupe, na ugonjwa unaonekana umeruka kizazi. Haukuruka.

Wachoraji makini huigawa alama kwa robo, moja kwa kila kiungo kilichoguswa: jicho, ubongo, figo. Huo ndio uandishi ninaoutetea. Mjamzito ambaye duara lake lina robo ya jicho tu anastahili kujadiliana mapema na daktari namna ya kujifungua, kwani mtoto aliyeirithi kasoro hiyo anaweza kuvuja damu ubongoni wakati wa kuzaliwa.