Tundu katika Jiwe la Longido

Jiwe la Longido humvutia hata asiyejua lolote kuhusu madini. Mwili wake ni wa kijani wenye madoa meusi, na ndani yake yamezama mapande ya yakuti nyekundu bila mpango wowote. Wachongaji hulitengenezea vinyago, lakini anayetaka kulivaa shingoni lazima kwanza alitoboe, na hapo ndipo linapoonyesha tabia yake. Ule ukijani ni zoisaiti, ndugu yake tanzanaiti, na ugumu wake ni kama 6 na nusu katika kipimo alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812. Ule wekundu ni 9. Juu yake imebaki almasi tu. Kwa hiyo ncha huweza kuteremka vizuri kwa milimita mbili, kisha ikakutana na ukingo wa yakuti na kutaka kukimbilia upande ulio laini. Fundi anayetoa tundu lililonyooka humo, mimi humvulia kofia.

Watu wengi huanza na kile walicho nacho: drili ya nyundo iliyotoboa ukuta siku ya kutundika mapazia, na biti yake yenye ncha ya tangsteni kabaidi. Zege hukubali chombo hicho kwa sababu zege huvunjwa. Kila pigo linang'oa punje, na biti inazizoa nje. Jiwe la pambo likipigwa hivyo hupasuka, tena mara nyingi dakika za mwisho, kazi ikikaribia kuisha. Hata ukizima mapigo, kabaidi haina la kufanya mbele ya yakuti. Itazunguka, itapiga kelele, itapata moto, na jiwe litakuwa palepale.

Kabla ya kununua chochote, basi, chukua msumari ulikwaruze jiwe lako mahali pasipoonekana. Jiwe la sabuni la Tabaka, kule Kisii, litatoa unga mara moja. Hilo litoboe kwa biti yoyote ya chuma. Marumaru nayo itakwaruzika. Likiwa itale, kama ya majabali ya Mwanza, au akiki, au hili la Longido, msumari ndio utakaoacha alama ya kijivu juu ya jiwe. Ukiiona alama hiyo usipoteze fedha kwa chuma cha aina yoyote. Unahitaji almasi.

Wala si almasi nyingi. Ninachokistaajabia katika kazi hii ni kwamba kinachozunguka sicho kinachokata. Chenyewe hubeba tu punje ngumu na kuzisugua mahali pamoja. Wamisri walilijua hilo zamani. Jeneza la Farao Khufu, ndani ya piramidi yake kule Giza, ni la itale, na mwanaakiolojia Flinders Petrie alipolipima miaka ya 1880 aliona ndani yake alama ya keke ya mrija. Mrija wa shaba, kwa jiwe la namna hiyo! Mwingereza Denys Stocks alikuja kuirudia kazi hiyo kwa mikono yake na kuonyesha ilivyowezekana: mrija huzungushwa kwa uta, mchanga humiminwa chini yake, na mchanga ndio unaosaga. Shaba inalika, jiwe linalika, mchanga unageuka unga na kuongezwa mwingine. Tena mrija husaga pete tu. Katikati hubaki kiini kizima cha kuvunjwa baadaye, na jasho la bure limeepukwa.

Lakini mabingwa wangu wako Khambhat, Gujarat, nchini India. Akiki za huko zilivuka bahari kwa majahazi, na wanaakiolojia wamezifukua katika miji ya kale ya Kilwa na Shanga. Mtoboaji wa Khambhat huketi chini, shanga ikiwa imebanwa barabara kwenye kibanio cha mbao. Keke yake ingetambuliwa na seremala yeyote wa zamani wa Lamu au Unguja: uta mkononi, msukano wa mti, na jivu la kuukandamiza kwa juu. Tofauti iko kwenye kijembe. Ni ufito mwembamba wa chuma, na nchani mwake zimepachikwa chembe mbili ndogo za almasi. Shanga hudonolewa kidogo kwanza ili ncha isiteleze, maji yanadondoka tone kwa tone, na uta unakwenda na kurudi.

Kabla yao, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, mafundi wa Chanhu-daro katika bonde la Indus walitoboa shanga ndefu za akiki bila almasi, kwa ncha za jiwe gumu ambalo limeitwa ernestaiti kumkumbuka Ernest Mackay, aliyeuchimbua mji huo. Mwanaakiolojia Jonathan Mark Kenoyer alipoijaribu kazi hiyo alipata kama milimita 2 na nusu kwa saa. Shanga ya sentimita 6, piga hesabu: saa 24 za kuzungusha, bila kuhesabu mapumziko.

Leo biti za almasi zinauzwa kwa pakiti, nazo ni za aina mbili. Za bei ya chini zimepakwa tabaka moja tu ya almasi, ikashikizwa kwa nikeli. Ikikwisha, biti imekufa. Nyingine almasi zake zimechanganywa na unga wa metali zikaokwa pamoja, hivyo kila biti inapolika hufichua almasi mpya. Kwa vipande vichache vya akiki zile za kwanza zinatosha. Kwa Longido ningelipa zaidi bila kunung'unika. Tundu la uzi, la milimita moja au mbili, litobolewe kwa biti nzima. Tundu la kupitisha kamba ya ngozi litobolewe kwa mrija.

Kwenye mashine, nguvu ndiyo sifa ya mwisho ya kuulizia. Funga biti nyembamba, washa taratibu, tazama ncha. Ikichora duara badala ya kutulia, irudishe kwa muuzaji, hata ikiwa na wati ngapi. Kasi nayo iwe ya kurekebishika: biti ya milimita moja hutaka mizunguko mingi kwa sababu ukingo wake husafiri kidogo katika kila mzunguko, ila mrija wa milimita 10 ukipita mizunguko 1,000 hivi kwa dakika huanza kuunguza almasi zake. Na kwa kuwa kazi yote iko majini, chukua drili ya betri badala ya ile ya kuchomeka ukutani.

Jiwe hugundishwa juu ya kigae chakavu ndani ya trei, maji yalifunike kidogo. Gusa, inua, gusa tena. Kila unapoinua, maji huingia tunduni na kutoa tope jeupe, na tope hilo ndilo la kutazama. Likipungua ghafla, sauti ikapanda, umefika kwenye yakuti. Asiye na subira hukandamiza hapo, na biti huchepuka au jiwe huachana pale ukijani unapopakana na wekundu. Fundi hulegeza mkono, akaiacha almasi ijitafutie njia.

Maji hayo yanamlinda mtu pia. Khambhat kazi hufanyika majumbani, na vumbi la akiki limewaua kwa silikosisi wasagaji na hata watu wasioshika jiwe, waliokuwa wakiishi tu karibu nao. Asiyeweza kutoboa majini asitoboe. Tope lipanguswe na tambara bichi siku hiyohiyo, maana likikauka linarudi kuwa vumbi.

Ukifika katikati, pindua jiwe uanze upande wa pili. Ncha ikitokeza kwa chini hubandua kigaga kikubwa kuliko tundu lenyewe. Njia mbili zikikutana kwa kupishana kidogo, pitisha biti nyembamba zaidi isawazishe. Kisha ishughulikie midomo ya tundu, ambayo bado ni mikali kiasi cha kukata uzi, kwa biti ya pia unayoizungusha kwa vidole tu. Tia uzi, uvute huku na huko, uutazame kwenye mwanga. Ukiona nyuzinyuzi zimesimama, rudisha jiwe majini.