Kwa Nini Liongo Alijibu

Mto Tana ukishapita Garsen hupunguza kasi, ukateremka baharini karibu na Kipini. Huko, katika kijiji cha Ozi, wenyeji huonyesha mahali wanapoamini Fumo Liongo alizikwa. Wanafunzi wa Garsen, kama wenzao wa Kenya nzima, hukutana naye katika fasihi simulizi na kutakiwa kutaja sifa zake. Majibu yanajulikana: jasiri, mwerevu, mwenye nguvu, malenga. Yote kweli, na hakuna linalomfikia. Swali gumu ni moja: mwanawe alipomwuliza ni kitu gani kiwezacho kumwua, kwa nini alimjibu?

Muhammad Kijumwa wa Lamu, mwandishi wa hati na mchongaji wa nakshi, alikitungia kisa hiki utenzi mwaka 1913. Kwa mizani nane kwa kipande, mtunzi hana nafasi ya kutusomea moyo wa mhusika. Kijumwa haoni hasara. Anaacha matendo yaseme. Mfalme wa Pate amemtia Liongo gerezani, mama anaoka mikate mizuri na mmoja wa wishwa, ambao ndani yake ameficha tupa. Walinzi wanajilia ile mizuri, wa wishwa wanauacha upite. Hakuna aliyetuambia kwamba mama ni mwerevu. Tumemwona akiipigia hesabu dharau ya walinzi kabla hawajaionyesha. Kisha ngoma ya gungu inapigwa nje, na kelele zake zinafunika sauti ya tupa kwenye pingu.

Kwingineko katika kisa, msituni, Wasanye na Wadahalo wanaahidiwa na mfalme huyo riali 100 wakimleta Liongo. Wanamwalika kikoa cha makoma: kila mmoja apande mkoma kwa zamu yake, naye akiwa juu wampige mishale. Zamu yake inapofika, Liongo hapandi. Anayaangusha makoma kwa mishale akiwa chini. Hamlaumu mtu, halalamiki. Hiyo ndiyo tabia yake: akinusa hila, huijibu kwa ufundi.

Ndiyo maana jibu lake kwa mwanawe linashtua. Hapa pia amenusa: mfalme amemtuma mwana kwa ahadi ya harusi. Anamwambia kijana waziwazi kwamba ametumwa, kwamba wanaomwahidi heshima watamcheka kazi ikiisha. Kijana anakana kwa kiapo. Baada ya hayo yote Liongo anataja siri: sindano ya shaba, kitovuni.

Wapo wanaosema ni kudura tu, siku yake ilikuwa imefika. Sikubali, jibu hilo linamvua mhusika hiari yake, na mtunzi hakumvua. Wengine husema ni upendo, nao wamekaribia. Mimi naona Liongo alikataa kumtendea mwanawe kama alivyowatendea wale wa mkoma. Angeweza kumdanganya, uongo mmoja mdogo ungetosha. Lakini baba anayemdanganya mwanawe ili aishi amekwisha kumwita adui. Tena kulikuwa na kiburi kidogo: alidhani akishamwambia kijana “nakujua”, aibu itamzuia.

Na kidogo tu ingemzuia. Hapa ndipo ninapomvulia Kijumwa kofia. Kijana anarudi na sindano, anakaa na baba yake siku nyingi, mkono haunyanyuki. Lazima barua itoke Pate kumhimiza kwamba harusi iko tayari. Ucheleweshaji huo si wa kunogesha hadithi. Unatuonyesha kwamba Liongo hakuwa mpumbavu. Alicheza karata iliyokaribia kushinda.

Akiisha kuchomwa, anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, na kufa hivyo hivyo. Mji unashikwa na kiu kwa kuogopa maiti. Mama yake anaitwa amsihi, naye anamwimbia mtu asiyesikia tena. Mshale haukuelekezwa kwa kijana. Umewaelekea waliomnunua.

Kijana mwenyewe hakuozwa. Aliishia kudharauliwa, kama baba alivyomwambia.

Walimu wetu, msianze na orodha ya sifa. Anzeni na lile jibu, mwaachie wanafunzi kipindi kizima wabishane.