Pongezi kwa Warusha Ndege Ndogo wa Zanzibar

Msafiri Cameron alipofika Nyangwe, hapa kwetu Maniema nchini Kongo, mwaka 1874, na msafiri Stanley mwaka 1876, ramani za mto Lualaba walizochora zilikwenda Ulaya. Mwenyeji aliyewaonyesha njia hakubaki na karatasi. Ndiyo maana kazi ya vijana wa Zanzibar ya kuchora ramani ya visiwa vyao wenyewe inastahili pongezi hata huku Maniema.

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), wakisaidiwa na Benki ya Dunia, walianza kupiga picha za Unguja na Pemba kutoka angani. Wanafunzi wa hapo hapo walifundishwa kurusha ndege ndogo zisizo na rubani. Kila ndege imeundwa kwa povu gumu, haifiki kilo moja, na hutumia betri. Mrushaji huipangia njia kwenye kompyuta, huangalia upepo, huirusha kwa mkono, kisha huilinda kwa macho mpaka itue kwa tumbo. Picha zinazopandana huunganishwa na kuwa ramani inayoonyesha nyumba moja moja.

Nawasifu kwa nidhamu yao, kwani uzembe mdogo juu ya betri au upepo huangusha ndege. Nawasifu zaidi kwa kuwa wamepima ardhi yao wenyewe, na picha zikawekwa wazi kwa umma.

Wakuu wa vyuo vya Maniema, wapeni vijana wa Kasongo na Kabambare mafunzo kama hayo. Mito, mashamba na barabara zetu zinangoja ramani zitakazochorwa na wenyewe.