Maneno Madogo ya Tendi Kubwa: Msamiati wa Tendi za Kale kwa Msomaji wa Rumonge

Katika makala haya tunakusudia kujadili jambo ambalo walimu wengi wa fasihi ya Kiswahili tunalijua lakini hatulisemi hadharani: wanafunzi wetu hawasomi tendi za kale. Wanasoma maelezo kuhusu tendi, wanakariri majina ya watunzi na idadi ya mizani, kisha wanaandika majibu mazuri ya mtihani. Wakipewa ubeti ambao hawajawahi kuuona, wanakwama katika mshororo wa kwanza. Tunatoa mifano yetu kutoka Rumonge na mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kwa sababu huko ndiko tatizo hili linakoonekana wazi zaidi na, kwa maoni yetu, ndiko pia dawa yake inakopatikana.

Kwanza tukiri kosa letu wenyewe. Tulipoanza kufundisha tendi tuliandaa orodha ya maneno magumu zaidi ya 200, tukayapanga kialfabeti, tukaweka maana zake mbele yake. Wanafunzi wakayakariri. Katika zoezi la orodha walifaulu vizuri, lakini katika zoezi la kusoma walianguka vibaya. Tuliwalaumu kwa uvivu. Baadaye, tulipokaa na kikundi kidogo cha vijana wa Rumonge na kuwaomba wapige mstari chini ya kila neno lililowakwaza, tuligundua kwamba wengi hawakukwazwa na maneno adimu tuliyoyaorodhesha. Walikwazwa na maneno madogo yanayojirudia kila ukurasa, ambayo sisi tuliyaona mepesi mno kuyaweka katika orodha.

Funzo kutoka kwa walimu wa Kilatini

Tatizo hili si letu peke yetu. Wazee wa Burundi waliopita seminari wanakumbuka jinsi Kilatini kilivyofundishwa, na wengine walifika hadi kumsoma Virgil, aliyefariki mwaka 19 K.K. na kuacha utenzi wake mkuu, Aeneid, wenye vitabu 12 na mishororo karibu 9,900. Walimu wa Kilatini waligundua mapema kwamba kamusi peke yake haimfikishi mtu kwa Virgil. Mwaka 1930 Mmarekani Clyde Pharr alichapisha vitabu sita vya kwanza vya utenzi huo kwa mpango mpya: maneno adimu aliyaeleza chini ya ukurasa uleule yanakotokea, na maneno yanayojirudia mara nyingi aliyaweka katika karatasi ya kukunjua, ili msomaji awe nayo machoni muda wote mpaka ayazoee. Maneno adimu yanaelezwa na kuachwa yapite. Yanayojirudia ndiyo ya kujifunza kwa bidii.

Kuna funzo la pili. Virgil mwenyewe alitumia maumbo yaliyokuwa ya kale hata katika siku zake, kama vile olli mahali pa illi. Vilevile alipenda wakati uliopita unaoishia na -ere badala ya -erunt ya lugha ya kawaida. Mwalimu mzuri wa Kilatini humwonesha mwanafunzi maumbo hayo kabla ya kufungua kitabu. Je, sisi tumefanya hivyo kwa tendi zetu?

Umbali kati ya Lamu na Rumonge

Tendi za kale tunazozifundisha zilitungwa kwa lahaja za kaskazini, hasa za visiwa vya Lamu na Pate. Utendi wa Tambuka, unaoitwa pia Chuo cha Herekali, ulitungwa na Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728. Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi wake mwaka 1858. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika Utenzi wa Fumo Liyongo mwaka 1913. Kiswahili sanifu, kwa upande wake, kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Kwa hiyo mwanafunzi yeyote aliyelelewa na Kiswahili sanifu, awe wa Dodoma au wa Rumonge, husoma tendi hizi kwa kuvuka daraja.

Hata hivyo, tusizidishe umbali huo. Mwaka uleule wa 1858, Mwana Kupona akiandika wasia wake, Burton na Speke waliwasili Ujiji kwa njia ya misafara ambayo lugha yake ilikuwa Kiswahili. Kiswahili cha mwambao wa Tanganyika ni matunda ya njia hiyo. Kijana wa Rumonge anayesikia Kiswahili sokoni kwenye mawese na ndagala, na kwenye madrasa, si mgeni aliyealikwa katika lugha hii juzi.

Ufunguo wa kwanza: sauti

Hatua ya kwanza ni kumwonesha mwanafunzi kwamba maneno mengi anayoyadhani mapya anayajua tayari. Pale sanifu inapokuwa na ch, Kiamu mara nyingi kina t: macho ni mato, nchi ni nti, chini ni tini. Pale sanifu inapokuwa na nj, Kiamu kina nd: njia ni ndia, njaa ni ndaa. Na j ya sanifu mara nyingi huwa y au hutoweka kabisa: kuja ni kuya, jua ni yua, moja ni moya, maji ni mai, jina ni ina, mji ni mui.

Mwanafunzi wa Rumonge anayejua Kirundi ataelewa mara moja tunalosema, maana amezoea kuvuka daraja la aina hiyo kila siku. Kuja, kwake, ni kuza. Maji ni amazi. Jina ni izina. Macho ni amaso. Njia ni inzira. Njaa ni inzara. Anachotakiwa ni kuongeza safu ya tatu katika jedwali ambalo tayari liko kichwani mwake. Tulipoandika safu hizo tatu ubaoni, Kirundi, sanifu na Kiamu, vijana walianza kujaza nafasi wenyewe kabla hatujamaliza.

Kuna maneno ambayo Kirundi humpa msomaji moja kwa moja, bila kupitia sanifu. Mtima wa washairi wa kale, yaani moyo, ni umutima. Ndovu ni inzovu. Kale ni kera. Kivumishi -wi, chenye maana ya -baya, ambacho mwanafunzi wa sanifu hukiona kama kitendawili katika neno mawi, kwa Mrundi ni -bi anayoisema kila siku: mubi, babi, mabi.

Ufunguo wa pili: kitenzi

Jambo linalowakwaza wasomaji wengi kuliko yote ni kitenzi cha wakati uliopita chenye kiambishi tamati -ile au -iye, pamoja na maumbo yake yaliyofupishwa. Kutokana na kuona tunapata -wene, kutokana na kulala -lele, kutokana na kusimama -simeme. Mwanafunzi hutafuta wene katika kamusi asilipate, akakata tamaa.

Hapa ndipo tunapoona ajabu ya mfumo wetu wa ufundishaji. Kirundi kina kiambishi kilekile kwa umbo la -ye, na hubadilisha mzizi kwa namna inayofanana: kubona hutoa -bonye, kurara hutoa -raye, kuvuga hutoa -vuze. Mtoto wa miaka mitano huko Rumonge hutumia sarufi hii bila kufundishwa. Lakini tunamfikisha chuo kikuu na kumwambia kwamba -ile ni umbo la kale, gumu, la watu wa pwani.

Tena kiambishi hiki kinabeba maana ambayo sanifu haina njia rahisi ya kuibeba: hali iliyotokana na tendo na ambayo bado ipo. Tukumbuke kifo cha Liyongo. Mwanawe amemchoma sindano ya shaba kitovuni. Liyongo anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, na kufa akiwa katika hali hiyo. Watu wa mji hawathubutu kuteka maji kwa sababu wanamwona yuko tayari kufuma. Kiini cha kisa chote ni tofauti kati ya tendo lililokwisha na hali inayoonekana kuendelea. Mrundi anayo kauli ya kusema hivyo kwa neno moja, apfukamye, yaani amepiga goti na yungali hivyo. Hatudai kwamba kila ubeti wa tukio hilo umejengwa kwa -ile. Tunachodai ni kwamba msomaji anayelisikia umbo hili anaisikia hofu ya watu wa mji, na anayesoma muhtasari wa sanifu uliojaa ali- na wali- husikia habari tu.

Ufunguo wa tatu: maneno madogo na maneno ya Kiarabu

Baada ya sauti na kitenzi yanabaki maneno madogo ambayo hayazidi kurasa mbili za daftari: akamba ni akasema, yeo ni leo, kana ni kama. Mengine ni mitego, kwa sababu yanafanana na maneno ya sanifu yenye maana nyingine. Kula huweza kuwa kila. Kisa huweza kuwa kisha. Kuteka, kwa herufi za Kirumi, huweza kuwa kucheka, na katika utendi wa vita kosa hilo hugeuza kicheko kuwa utekaji wa mateka. Mzawa wa Lamu husikia tofauti ya t hizo mbili. Maandishi tuliyozoea hayaioneshi.

Kwa maneno ya Kiarabu, kama samawati, akhi na thama, Kirundi hakisaidii. Hapo kijana aliyepita madrasa ndiye mwalimu. Tumeona pia kwamba vijana ambao familia zao zilirudi kutoka Tanzania baada ya miaka mingi ya ukimbizi wanakijua Kiswahili sanifu kwa ufasaha ambao wenzao wanauonea wivu. Basi katika darasa moja la Rumonge mnaweza kuwa na watoto wa aina tatu, kila mmoja ameshika ufunguo wake. Tukiwaweka dawati moja mbele ya ubeti mmoja, wanasoma. Tukimwacha kila mmoja peke yake na orodha, wanakariri.

Tahadhari

Tusije tukaeleweka vibaya. Kirundi pia hudanganya. Kuima ya kale katika Kiswahili ni kusimama, kama tunavyoona katika neno wima. Kwima ya Kirundi ni kunyima, au kutawazwa mfalme. Mwanafunzi aliyefurahia mtima na ndovu atateleza hapa. Kwa hiyo kila ulinganisho lazima upimwe na muktadha, na mizani pia itumike: mshororo wa utenzi una mizani nane, na hesabu isipotimia mara nyingi msomaji amekata neno mahali pasipostahili.

Kamusi nayo ichaguliwe vema. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ni nguzo ya kazi zetu, lakini haikutungwa kwa ajili ya Kiamu. Kwa walimu wa Burundi wanaosoma Kifaransa, kamusi ya Charles Sacleux iliyochapishwa Paris mwaka 1939 ni hazina, maana huonesha neno ni la lahaja gani. Inasikitisha kwamba hutajwa mara chache kwa wanafunzi ambao ndio hasa wangeweza kuitumia.

Hitimisho

Wako wenzetu wanaopendekeza kwamba tendi ziandikwe upya kwa Kiswahili sanifu ili zisomeke. Tunaheshimu nia yao, na hatukatai ufafanuzi pembeni ya ubeti. Ila ukibadilisha mato kuwa macho na -lele kuwa amelala, umevunja vina na mizani, na umemnyima msomaji lile alilolifuata. Pia wako wanaosema kwamba wanafunzi wa maziwa makuu waachiwe riwaya na tamthilia, tendi ziwe za watu wa pwani. Hoja hii ndiyo tunayoipinga kwa nguvu zaidi. Inamfundisha kijana wa Rumonge kwamba Kirundi chake ni kikwazo katika Kiswahili, ilhali katika ukurasa wa Mwengo au wa Kijumwa ndicho kinachomfungulia mlango.

Mapendekezo yetu ni haya. Kwanza, kila mwalimu atumie vipindi viwili kwa sauti na kitenzi kabla ya kufungua utenzi wowote. Pili, maneno adimu yaelezwe palepale yanapotokea, na maneno yanayojirudia yabandikwe ukutani. Tatu, mtihani uwe na angalau ubeti mmoja ambao mwanafunzi hajauona. Tenzi Tatu za Kale, kitabu kilichohaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa na TUKI mwaka 1999, kinatosha kwa kuanzia, kwani ndani yake mna Fumo Liyongo, Al-Inkishafi na Mwana Kupona. Tunawakaribisha walimu watakaojaribu njia hii watuletee matokeo, hata kama yatapingana na yetu.