Mazoezi 110, na hakuna hata moja la kubeba

Kilinifikia mwaka 2018, nikiwa mwanafunzi wa agronomia Butembo: fungu la fotokopi lililofungwa kwa kamba ya raba, bila jalada, kurasa fulani zimelowa mafuta. Katika nyumba tulimokodi vyumba, wavulana saba, kilipita mkono kwa mkono kuliko silabusi yoyote. Jina lake ni Méthode de musculation: 110 exercices sans matériel, mwandishi ni Mfaransa Olivier Lafay, na kilitoka kwa Amphora mwaka 2004. Mazoezi 110 ya nguvu bila vifaa. Kwa mwanafunzi asiye na franka ya kulipia sale ya mazoezi, hayo maneno mawili, "bila vifaa", ni kama mvua ya mwezi wa tisa.

Na wakati ulikuwa wake. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa kwetu Mangina, katika zoni ya afya ya Mabalako, kilomita 30 hivi toka Beni. Ilipotangazwa kuisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Muda ule hatukushikana mikono. Kucheza mpira na kugusana jasho na watu ishirini ilikuwa ni kujitafutia. Kila mmoja ndani ya chumba chake, mie na Lafay. Kisha ikaja hii hali mnayoijua wote: utawala wa kijeshi toka Mei 2021, barabara zisizoaminika, na ile desturi ya kuwa ndani giza likiingia. Mazoezi ya nyumbani kwetu si mtindo. Njo fasi iliyobaki.

Nimekifuata kitabu, nimekiacha, nimekirudilia mara nyingi. Kila mwaka kuna mdogo mmoja ananiomba faili yake, namtumia, halafu namwandikia ujumbe mrefu chini. Leo nauandika mara moja kwa wote.

Nianze na kile ambacho Lafay alikiona vizuri kuliko wengine, juu watu wengi wanamsoma vibaya. Wanaangalia picha, wanachagua zoezi linalowapendeza, basi. Lakini uzito wa kitabu haumo katika picha. Umo katika hesabu. Kila zoezi lina herufi yake, anakwambia seti ngapi, unapumzika muda gani kati ya seti na seti ukishika saa mkononi, siku tatu kwa juma ukiacha siku ya kupumzika katikati, na hupandi ngazi mpaka ufikishe idadi aliyoisema. Yote unaandika katika kaye. Mie niliyesoma agronomia nilicheka: hii ni kaye ya shamba la majaribio! Tarehe, kipande, kipimo, ulichobadilisha. Asiyeandika hajui kama mbegu ni nzuri ao mvua tu ndiyo ilikuwa nzuri.

Linganisha na namna tunavyopiga pompe sisi wengi. Jumatatu mtu ana moyo, anapiga mpaka anaanguka kifudifudi, anapiga picha, anatuma. Jumanne hawezi kuinua mkono kujipiga mswaki. Juma la pili hakuna kitu. Kisha anasema mwili wake "haukubali". Mwili umekubali vizuri sana, isipokuwa katika majuma ya kwanza nguvu inayoongezeka inatokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuiamsha misuli iliyopo tayari. Nyama yenyewe inakuja polepole, kwa miezi. Unaweza kutoka pompe tano kufika kumi na mbili na kioo kisikuambie neno. Watu wa Mabalako wanaopanda kakao wangepaswa kuelewa hili kuliko wote: mti unapandwa, unafunikwa kivuli, unapaliliwa miaka mitatu minne bila tunda hata moja, na hakuna anayeung'oa kwa hasira mwaka wa kwanza.

Sasa makosa. La kwanza linachekesha. "Bila vifaa" ya Lafay ina viti, na ina bomba la kujivutia juu. Zoezi ambalo kitabu kinalitegemea sana ni lile la kusimamisha viti viwili mgongo kwa mgongo, unashika migongo ya viti, miguu hewani, unajishusha na kujiinua. Kwa Mfaransa kiti ni cha mbao nzito. Kwetu kiti ni kile cha plastiki cha matanga na harusi. Nilijaribu. Mdogo wangu wa kike alikuwa mlangoni, akasema: "Yaya, kiti hii itakuvunja shingo." Haikunivunja shingo, ilinichana ubavu. Na hata viti vikiwa imara, kujishusha sana namna ile kunalemea sehemu ya mbele ya bega, na mtu anayeanza ndiye asiyejua afike chini kiasi gani.

Bomba la kujivutia pia. Mlango wa nyumba ya miti na udongo ukiutundikia kilo 65 utakuja na ukuta. Kwa hiyo vijana wengi wanaruka sehemu yote ya kujivuta na kubaki na pompe peke yake. Utawajua: kifua mbele, mabega yamejikunja kama mtu anayesikia baridi. Kusukuma bila kuvuta. Dawa yake ipo katika kila nyumba na Lafay hakuihitaji huko kwake: bidoni ya manjano. Lita moja ya maji ni kilo moja. Bidoni ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 na kidogo cha plastiki. Inama mgongo ukiwa wima kama ubao, mkono mmoja juu ya ukuta mfupi ao kisiki, mwingine unavuta bidoni mpaka kwenye ubavu. Leo lita 8, juma lijalo ongeza kopo moja. Ninyi mnaolipa sale, hakuna chuma kinachoongezeka kwa kopo moja.

Kosa la pili linachekesha kidogo tu. Mtu anayezungumziwa katika kile kitabu amekula. Tulifundishwa sote kanuni ya Liebig: mmea haukui kwa kile ulichopewa kwa wingi, unakua kwa kadiri ya kile kilichopungua kuliko vyote. Mwaga azoti ukipenda, fosfori ikikosekana umefanya bure. Mwanafunzi anayekula bugali wa mihogo na sombe mara moja kwa siku, kisha anaongeza seti, anamwaga azoti. Unga wa mihogo una protini gramu 1 ao 2 katika gramu 100. Maharage makavu yana 20 na zaidi, karanga zinazunguka 25, soya inapita 35, yai moja lina kama gramu 6. Kipimo cha FAO na OMS kwa mtu mzima ni gramu 0.83 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, maana yake mtu wa kilo 60 anataka gramu 50 hivi hata kama hafanyi mazoezi. Hakuna haja ya poda za kwenye mikebe. Kikombe cha maharage na konzi ya karanga vinafanya kazi kubwa kuliko seti ya nne. Na siku isiyo na chakula, pumzika. Hilo sikulisoma kwa Lafay, nililijua siku nilipoona giza mbele ya macho nikiwa katika zoezi la kuchuchumaa.

Hapa lazima nijibu neno moja ambalo nimelisikia toka kwa wazee, toka kwa wenzetu, hata toka kwa mama yangu: "We unapiga pompe, jembe iko wapi?" Yaani mwenye kulima hahitaji mazoezi, na mwenye mazoezi ni mvivu wa kulima. Kama agronomu, neno hilo linanikamata mara mbili. Kuna ukweli ndani: kijana mwenye lisansi anayekataa kushika jembe saa mbili na kutafuta misuli usiku katika simu anafanya kichekesho. Lakini shamba si mazoezi. Mazoezi yanachagua uzito, yanauongeza polepole, yanakupa siku ya kupona. Shamba halichagui. Kupalilia ni mgongo ule ule umeinama upande ule ule majuma mawili, na siku ya kubeba mzigo unabeba ulivyo, uwe umelala ao hukulala. Mama yangu amebeba kuni na mihogo kwa kamba ya paji la uso toka akiwa msichana. Ana nguvu ambazo mie sina. Pia ana kiuno kisichomruhusu kuketi kanisani mpaka mwisho wa misa. Mtu akiniambia kwamba kazi ya wanawake wetu inatosha kuwa mazoezi, namwona kama anayesema ng'ombe wa kukokota hahitaji malisho kwa kuwa anatembea sana. OMS, katika mwongozo wake wa 2020, inashauri mtu mzima akaze misuli yote mikubwa angalau siku mbili kwa juma. Misuli yote, si kiuno pekee.

Kosa la tatu ndilo lililonifanya niandike. Nilipopata nakala nzima nilihesabu herufi zote, nikatafuta zoezi la kubeba kitu na kutembea nacho. Sikuliona. Mwili unajiinua wenyewe, unajishusha wenyewe, unarudi fasi ile ile mbele ya kioo kile kile. Kwa mtu wa ghorofa sawa. Lakini niwaulize ninyi wa Mangina, wa Cantine, wa barabara ya kwenda Beni: mara ya mwisho mlipohitaji nguvu kweli, mlikuwa mnafanya nini? Sisi tulikuwa tunatembea usiku. Mama alikuwa na godoro kichwani, mdogo wangu alikuwa na mtoto wa jirani mgongoni, mie nilikuwa na mfuko wa unga na bibi aliyechoka kila mita mia mbili. Wakati huo nilikuwa naweza kupiga pompe 40 mfululizo. Kabla hatujafika tulikokuwa tunakwenda, vidole vyangu vilishindwa kushika mfuko. Mapafu sawa, kifua sawa, vidole vimekufa. Mdogo wangu, ambaye hakuwahi kufungua kitabu, alinipita na mtoto mgongoni.

Kuna Mfaransa mwingine, mzee kuliko Lafay, aliyelijua jambo hili. Georges Hébert alikuwa ofisa wa jeshi la maji. Inasimuliwa kwamba mwaka 1902, mlima Pelée ulipolipuka katika kisiwa cha Martinique na kuteketeza mji wa Saint-Pierre, alishiriki kuwaokoa watu, na hapo alielewa kwamba nguvu isiyoweza kumsaidia mwingine ina kasoro. Mtindo aliouandika baadaye unatembea, unakimbia, unapanda, unainua, unabeba, unarusha. Sisemi Hébert amekamilika, ana maneno ya kizamani mengi. Lakini ukiweka vitabu viwili pamoja unaona Lafay alipokata: alichukua chumba, akaacha njia.

Na neno kuhusu wasichana, juu nimeona wanaomba faili kwa siri. Lafay ana kitabu kingine cha wanawake, na humo mazoezi ni 80. Sijali hesabu, mazoezi kumi yanatosha mtu yeyote. Kinachonikera ni kwamba wasichana wetu wanakwenda moja kwa moja kwenye hicho cha pili kwa kuogopa "kuwa kama mwanaume", wakati wao njo wanabeba kuliko sisi. Msuli hauulizi jinsia kabla ya kukua. Hakuna aliyeamka asubuhi akajikuta na mabega ya askari kwa bahati mbaya.

Basi nafanya nini sasa? Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kabla jua halijawa kali, nyuma ya nyumba. Pompe, mikono juu ya ukuta mfupi kwa anayeanza, chini kwa anayeweza. Kuvuta bidoni, kila upande. Kuchuchumaa mpaka chini, polepole. Kujinyoosha kama ubao juu ya viwiko mpaka tumbo litetemeke. Seti tatu tatu, na naacha nikiwa na mbili bado ndani, sisubiri kuanguka. Mwisho, bidoni mbili, moja kila mkono, toka jikoni mpaka kwenye mti wa avoka na kurudi, mgongo wima, bila kuzitua. Nilianza na lita 10 kila upande. Viti vya plastiki nimevirudisha kwa wageni. Kaye nimebaki nayo, hiyo ni ya Lafay na namshukuru.

Mdogo wangu ameingia pia, baada ya kunicheka miezi miwili. Ana kaye yake, hataki niiguse. Jumamosi niliichungulia: lita 16 kila mkono, mizunguko sita, na pembeni ameandika kwa bike nyekundu, "yaya: mitano".