Hedifoni za Safari Hazipimwi kwa Kikasha

Kikasha chenye kioo kinachoonyesha asilimia za chaji hakijawahi kumsikilizisha mtu wimbo. Nalisema hili kwa sababu juzi, ndani ya basi lililokuwa bado halijaondoka stendi ya Mbezi, kijana wa kiti cha jirani alizungusha hedifoni zake mpya za bluetooth kwa abiria wenzake, na kila aliyezishika alisifia kikasha. Huyu kapenda kinavyojifunga kwa sumaku, yule kapenda taa. Walipoziweka sikioni wakatikisa kichwa: "Hizi zinapiga, kaka!" Zilikuwa zinapiga kweli, mpaka kiti cha nyuma. Hiyo ndiyo kasoro yenyewe. Muziki wa hedifoni ukisikika kwa jirani, ujue kuna mahali panavuja.

Basi tuelewane. Waya au bluetooth, swali ambalo kila anayejiandaa kusafiri ananiuliza, ni swali la tatu. La kwanza ni mpira. La pili ni unapanda chombo gani na kinanguruma vipi. Watu wanaingia dukani na la tatu, wanalijibu kwa macho, halafu wanayalaumu masikio yao.

Nianze na mpira, na nitakaa hapo, maana ndipo wanaonunua kwa mara ya kwanza wanapopita bila kutazama. Nasemea kile kipande laini kinachovishwa kwenye mdomo wa hedifoni za kuingia sikioni. Kwenye boksi huja saizi tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Mnunuzi huiacha ya kati iliyokuja imevishwa, zile nyingine zinapotea jioni hiyo hiyo, na mwezi ukiisha anakuja kulalamika kuwa hedifoni hazina besi. Besi ilikuwepo. Haitegemei spika peke yake, inategemea ile hewa kidogo iliyofungiwa kati ya spika na ngoma ya sikio. Acha upenyo mwembamba tu, itatoka yote. Zitabaki sauti kali, matoazi yatachoma, na mwenye hedifoni ataongeza sauti akiitafuta besi iliyokwisha kwenda zake.

Kipimo ni kidole. Weka wimbo wenye gitaa la besi, kisha isukume hedifoni kidogo kwa ndani. Besi ikinenepa, mpira huo si wako, panda saizi. Isipobadilika, umefika. Halafu tamka neno lolote, jina lako likitosha. Sauti yako ikikujia nzito kutoka ndani ya kichwa, umeziba sawasawa. Tena kuna namna ya kuvaa. Mkono wa kulia unapita nyuma ya kisogo, unalivuta sikio la kushoto juu na nyuma, wa kushoto ndio unaoingiza. Anayezibandika tu kwa kidole gumba huku anatembea hajavaa, amening'iniza. Na masikio ya mtu mmoja si mapacha. Mafundi wa sauti ninaowaheshimu wanavaa ya kati upande mmoja na kubwa upande wa pili, wala hawaoni haya.

Mpira wa silikoni unafaa wengi. Mimi ni mtu wa sponji, ile unayoibana kwa vidole, unaiingiza, unasubiri ivimbe. Inaziba kuliko silikoni na haitelezi. Ubaya wake ni jasho: kwa joto la Dar na Mombasa inachakaa upesi, inakuwa ngumu, na wengi hawajui kuwa hubadilishwa.

Wakubwa wa kazi hii waliyajua haya mapema. Mead Killion, Mmarekani aliyetokea kwenye fani ya vifaa vya wasiosikia vizuri, alitoa ER-4 mwaka 1991 kupitia kampuni yake ya Etymotic Research. Mpira wake ulikuwa na mabawa matatu na uliingia ndani kiasi kwamba mtu wa mara ya kwanza alidhani yuko kwa daktari wa masikio. Haikuwa na betri, haikuwa na taa, na ngurumo ya ndege ilibaki nje. Jerry Harvey naye, fundi aliyekuwa akiwachanganyia sauti ya jukwaani bendi ya Van Halen, alipotaka mpiga ngoma wao ajisikie katikati ya zile kelele, alimtengenezea hedifoni zilizofinyangwa kwa umbo la masikio yake. Hapo, mwaka 1995, ndipo ilipozaliwa Ultimate Ears.

Hedifoni kubwa za kichwani hazikwepi sheria hii. Mto wake ndio mpira wake. Mkono wa miwani ukipita chini ya mto, panavuja. Rasta nene, panavuja. Binamu yangu wa Tanga alipewa zawadi ya hedifoni kubwa za bei mbaya, akazivaa juu ya ushungi, akaniambia hazina tofauti na za machinga. Hazikuwa mbovu hata kidogo. Kitambaa kikikaa kati ya mto na ngozi, hata mtambo wa kuua kelele uliomo ndani yake unafanya kazi bure. Nilimpa za waya, ndogo, zenye mpira mdogo. Zinakaa ndani ya ushungi hakuna anayeziona, na zile kubwa sasa anazitumia nyumbani.

Sasa kelele za safari. Injini ya basi, ya boti ya Zanzibar na ya ndege zote zinanguruma chini, na ngurumo ya chini ndiyo inayouawa vizuri na mitambo ya kuua kelele. Amar Bose, profesa wa MIT, alilipata wazo hilo mwaka 1978 akiwa kwenye ndege kutoka Zurich kwenda Boston. Alipewa hedifoni za ndege, ngurumo ikaumeza muziki, akaanza kupiga hesabu hapo hapo kitini. Hedifoni za marubani zikatoka 1989, za abiria wa kawaida 2000. Zaidi ya miaka 20 kwa wazo moja. Leo lipo linaandikwa kwenye boksi la kila hedifoni inayomwagwa chini kwenye turubai.

Ndipo matapeli wanapoingia. Nimezifungua kadhaa zilizoandikwa kuwa zinaua kelele. Nje kuna vitundu vya maikrofoni vyenye wavu mzuri. Nyuma ya wavu, plastiki tupu. Kwenye nyingine, kitufe kinapunguza tu sauti kali ili mnunuzi ahisi kuna kilichobadilika. Za kichwani wanazitia kipande cha chuma ndani ya kikombe ili ziwe nzito mkononi, maana Mswahili ameshafundishwa kuwa kizito ndicho orijino. Kipimo ni hiki: zima muziki kabisa, simama karibu na basi linalounguruma, washa mtambo. Ngurumo ishuke huku sauti ya mpiga debe ikibaki. Ikiwa hakuna kilichoshuka, umeuziwa maandishi. Na usikubali kujaribishiwa kwa wimbo wa muuzaji. Wimbo wa muuzaji umechaguliwa.

Wangu ni rumba ya Kongo ya zamani, TPOK Jazz ya Franco ikipatikana, pale sebene linapoanza. Kuna gitaa la ritimu, la misolo na la solo. Hedifoni nzuri inakupa yote matatu, kila moja mahali pake. Mbaya inakupa magitaa mawili na ukungu. Anayepima hedifoni kwa Amapiano anapima besi tu, na besi, nimekwisha kusema, ni habari ya mpira.

Ila mtambo wa kuua kelele hauwawezi watu. Panda treni ya umeme ya SGR kwenda Dodoma. Haina ngurumo ya kutajika, kelele yote ni ya abiria anayegombana na fundi wake wa ujenzi kwenye simu tangu Pugu. Sauti za watu zinazuiwa na mpira. Kwa hiyo kwenye treni naweka sponji na waya, na nimemaliza. Kwenye ndege ya saa nyingi, hapo naungama kwamba bluetooth yenye mtambo wa kweli inastahili bei yake, kwa sharti moja: iwe na tundu la waya pia. Skrini nyingi za ndege bado zinataka pini, na betri ikizima juu ya bahari utafurahi. Hedifoni kubwa isiyo na tundu la waya si ya safari. Hiyo ni kanuni, wala sitaki mjadala.

Wanaosema waya ni ushamba nawauliza: mechi ya Simba na Yanga ikiangukia mko njiani Mikumi, bando limekata na mtandao haupo, utaisikiliza kwa kitu gani? Redio ya FM ya simu inatumia waya wa hedifoni kuwa antena. Bluetooth haina waya wa kunasa chochote. Dereva wa lori la Tunduma analijua hili kuliko muuza duka yeyote.

Lakini waya nao una ukaguzi wake, na hapa naona watu wanaangalia rangi. Angalia shingo, pale waya unapoingia kwenye pini. Ikunje. Irudi yenyewe taratibu. Ikibaki imekunjika ni plastiki ya ndoo, itakufia upande mmoja kabla ya sikukuu. Ikigoma kukunjika, waya utakatikia pale inapoishia. Kulikuwa na mzee mmoja Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, aliyekuwa akitengeneza hedifoni wakati bado zilikuwa zinatengenezwa. Kila aliyoifungua aliifunga fundo dogo la waya ndani ya ganda kabla ya kulirudishia, ili ukivutwa, fundo ndilo livutike na maungio yasiguswe. Hakumwambia mteja wala hakumtoza. Siku hizi vijana wanachomelea juu ya vanishi. Waya mwembamba wa hedifoni umepakwa vanishi, usipoiunguza kwanza risasi haishiki shaba. Inaonekana imeshika, inalia pale mezani, unalipa, inanyamaza ukifika Kibaha.

Pini iwe ya kukunjika pembeni, isiwe ya kunyooka, maana simu inakaa mfukoni. Waya uwe mweusi. Mweupe unachafuka na mwekundu sijawahi kuuona kwenye hedifoni nzuri. Usizidi mita moja na robo. Waya bapa, ule wanaosema haujisokoti, unasugua nguo na kila msuguano unausikia sikioni.

Tangu Apple walipoliondoa tundu kwenye iPhone 7 mwaka 2016 na wengine wakawafuata, mambo yamekuwa ya adapta. Adapta za Type-C ziko mbili, yenye chipu ndani na isiyo nayo. Ya rafiki yako inaweza kukataa simu yako bila kosa la mtu. Nunua yenye chipu, ijaribu kwenye simu yako mwenyewe hapo hapo, na ukumbuke kuwa ukiichomeka, tundu la chaji limekwenda. Walkman ya kwanza ya Sony, ya 1979, ilikuja na matundu mawili ya hedifoni ili wawili wasikilize kanda moja. Leo simu ya milioni mbili haina hata moja, na tunaambiwa ni maendeleo.

Wa bluetooth niwaambie mawili. Vile vidogo vina vibetri ambavyo miaka miwili mitatu vikitumika kila siku vimechoka, na fundi havifungui bila kuvivunja. Nunua ukijua umekodi. Na usivivae ukiwa umeinama kwenye ukingo wa boti kutazama pomboo wa Kizimkazi.

Suala la sauti kubwa si ladha yangu, ni la Shirika la Afya Duniani. Desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, hapo uko salama. Ukifika 90, saa zinabaki 4. Basi la Mwanza linakula saa hizo 4 kabla hujaiona Dodoma. Ndiyo maana nasisitiza kuziba, kwani aliyeziba hahitaji kushindana na injini.

Ukienda dukani, usianze na bei. Mwambie mwenye duka akuonyeshe mipira ya akiba inayouzwa peke yake, saizi zote, na ya sponji kama anayo. Akikuletea kijaluba cha mipira bila kukuuliza ni ya nini, kaa, mzungumze waya na bluetooth mpaka mwafaka. Akikuambia "bosi, hiyo inakuja nayo ndani", mshukuru na uvuke barabara.